Ukurasa Unaosomewa Katubuka

Usanifu wa grafiki na midia ya dijitali katika chuo kikuu hujulikana zaidi kwa kazi zake za sherehe: bango la mahafali, kalenda ya ukutani, nembo kwenye fulana. Hizo ni kazi za siku chache katika mwaka. Siku nyingine zote ni za matangazo ya udahili, ratiba za mitihani, fomu za kujiunga, maelekezo ya kulipa ada na miongozo ya masomo, yaani maandishi ambayo hakuna anayeyasifu yakisomeka, na kila mtu hupiga simu chuoni yasiposomeka.

Uzito wa maandishi hayo hauko sawa kila mahali. Chuo cha bweni kikikosea tangazo, wanafunzi wataulizana kantini. Katika elimu ya masafa hakuna kantini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Makao makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, na chuo kina vituo mikoani, Kigoma ikiwemo. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mwanafunzi anayeishi Katubuka, mjini Kigoma, ambaye mchana ni mwalimu wa shule au karani, anaweza kumaliza wiki nyingi bila kumtia machoni mhadhiri wake. Anachokiona ni ukurasa, na mara nyingi anauona usiku, kwenye simu, kwa bando alilojinunulia mwenyewe.

Watu wanaofanya kazi hii hutawanyika ndani ya chuo. Ofisi ya uhusiano hushughulikia matangazo na mitandao ya kijamii, kurugenzi ya TEHAMA hulinda tovuti na mfumo wa kufundishia, na mitambo ya kuchapa, pale ilipo, huwa na mafundi wake. Vyuo vikubwa huongeza vyombo vya habari kamili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina redio na televisheni za Mlimani, ambazo pia ni mahali pa mafunzo kwa wanafunzi wa uandishi wa habari. Kituo cha mkoani hakina timu ya namna hiyo. Huko mtu mmoja mwenye kompyuta ndiye mpiga picha, mchapaji na msimamizi wa kundi la WhatsApp, na kazi kubwa hupelekwa steshenari mjini.

Kosa linalorudiwa zaidi kuliko yote ni la hesabu. Tangazo huandaliwa kwenye karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210, kwa herufi za pointi 12, na likichapwa linasomeka vizuri. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa milimita 70 hivi. Ukurasa mzima ukiingia kwenye kioo hicho unapungua mara tatu, na herufi ya pointi 12 inakuwa ya pointi 4, ndogo kuliko herufi za matangazo madogo ya gazetini. Msomaji analazimika kuvuta kwa vidole viwili, kusogeza kulia, kurudi kushoto, na katika safari hiyo tarehe ya mwisho ya kulipa ada inampita. Tiba yake ni kuandaa tangazo mara mbili: toleo la ukutani, na toleo la simu lenye safu moja nyembamba, herufi kubwa, na jambo kuu likiwa juu kabisa. Wavaaji wa kanga wameuzoea mpangilio wa aina hii tangu zamani. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani msemo wake. Jina halitafutwi, kwa sababu mahali pake panajulikana.

Tatizo la pili linatokana na desturi ya ofisi. Tangazo likishaandikwa kwenye kompyuta huchapwa, husainiwa, hugongwa muhuri, kisha huskaniwa na kusambazwa kama picha. Muhuri una sababu yake: matangazo ya kughushi ya udahili hupita kwenye simu za watu, na mzazi anayetuma pesa anataka kuona alama ya ofisi. Lakini hasara ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ukurasa wa maandishi matupu katika PDF unaweza kuwa na kilobaiti makumi kadhaa. Huohuo ukiskaniwa kwa rangi hufika megabaiti nzima au zaidi, na anayelipia tofauti hiyo ni mwanafunzi. Zaidi ya hapo, maneno yaliyogeuzwa picha hayatafutiki, hayanakiliki, na programu inayomsomea kwa sauti mwanafunzi asiyeona hukuta ukurasa mtupu. Na muhuri wenyewe si kinga, kwa kuwa picha ya muhuri hukatwa na kubandikwa kwingine kwa dakika chache. Kinachofaa zaidi ni hati ya maandishi halisi yenye msimbo wa QR unaompeleka msomaji kwenye tangazo hilohilo katika tovuti ya chuo.

Kiswahili nacho kina madai yake kwa msanifu, na programu nyingi hazikuundwa zikiyafikiria. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na kazi hiyo ilionyesha kwamba lugha hii inaweza kutumika kwenye kompyuta. Hata hivyo, kompyuta nyingi za ofisini bado hupangwa kwa Kiingereza, na hukata maneno kwa kanuni za lugha hiyo. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo mwisho wa mstari "wanafunzi" hukatwa wanafu-nzi; programu iliyoachiwa kanuni za Kiingereza huweza kutoa wanafun-zi, na msomaji hujikwaa bila kujua amejikwaa na nini. Kisha kuna urefu. Neno "watakaochaguliwa" lina herufi 16 bila nafasi ya kupumua. Maneno matatu ya jinsi hiyo katika safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili hufungua matundu meupe katikati ya mistari, kama wavu uliochanika. Msanifu anayekijua Kiswahili huacha upande wa kulia bila kunyooshwa, au hupanua safu.

Alama ndogo ya ng' huleta fujo kubwa kuliko ukubwa wake. Baadhi ya fonti za mapambo hazina alama hiyo na huweka kisanduku mahali pake. Mifumo ya usajili huihifadhi kwa maumbo mawili, iliyonyooka na iliyopinda, na kwa kompyuta hayo ni maumbo tofauti. Mwenye jina la Ng'wandu akijitafuta katika orodha huambiwa hayumo. Mbaya zaidi ni pale alama inapogeuka msimbo wa tarakimu na kuchapwa hivyo kwenye cheti. Mahali pa kuanza kusahihishia orodha ya wahitimu, basi, ni majina yenye ng', kabla ya kuchagua rangi ya pambo lolote.

Rangi yenyewe hubadilika njiani. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, magenta, manjano na mweusi, na buluu inayong'aa kwenye simu hufifia kwenye karatasi. Kwa hiyo chuo huhitaji namba za rangi zake kwa matumizi yote mawili, badala ya kumwachia fundi akisie kwa jicho. Picha ya kuchapwa huhitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani pikseli 2,480 kwa 3,508 ili kujaza A4. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, kwa hiyo hutumwa kama hati. Bango la barabarani lina kanuni nyingine tena: kimo cha herufi sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Anayepita na bodaboda hana muda wa aya ya pili.

Katika upigaji picha, Kigoma ina somo lake. Ziwa Tanganyika liko magharibi ya mji. Asubuhi jua humwangaza usoni aliyesimama na ziwa nyuma yake. Alasiri jua huwa limehamia upande wa Kongo, maji yanameremeta, kamera hupima mng'ao huo na kupunguza mwanga, na wahitimu wenye majoho hutoka kama vivuli. Picha hizo pia zina sheria. Hakimiliki ya picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, huhitaji uangalifu kabla sura, namba ya usajili au matokeo ya mwanafunzi hayajabandikwa hadharani.

Hatua ya mwisho ya kila kazi ni kuhifadhi, na ndiyo inayopuuzwa. Nembo hutunzwa katika faili la vekta, ambalo hukubali kukuzwa kutoka ukubwa wa muhuri hadi ukuta wa jengo bila kuchakaa. Likipotea, ofisi huanza kukata nembo kutoka kwenye barua za zamani, na kila nakala hutoka na kingo chafu kuliko iliyotangulia. Faili la asili, fonti zilizotumika, namba za rangi na picha kamili huwekwa pamoja katika folda yenye mwaka na jina la kazi, na nakala yake hukaa mahali pengine mbali na kompyuta ya msanifu, ili atakayepokea kiti chake aikute.