MERIKEBU NDOGO HUTAKA MAFUNDI WENGI

Miongoni mwa kazi ambazo watu huzifanya kwa furaha ya moyo baada ya kazi za mchana, ni chache zinazotaka uvumilivu kama kujenga mfano wa merikebu kwa mbao. Mtu akiitazama merikebu hiyo ndogo imekamilika, yenye milingoti yake, matanga yake na kamba nyembamba kama nywele, hudhani kwamba ni kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani kwa miezi mingi. Ni kweli kwamba mikono iliyoshika msumeno ilikuwa ya mtu mmoja. Walakini maarifa yaliyoiongoza mikono hiyo yalitoka kwa wengi. Na katika wale waliojaribu kuifanya kazi yote bila kumwuliza mtu, si wachache walioziacha merikebu zao nusu, zimefunikwa na vumbi juu ya kabati.

Yafaa kueleza kwanza maana ya neno mfano. Kijimashua anachochonga mtoto kwa kuchezea majini, kikielea chatosha. Mfano sharti ufanane na merikebu yenyewe kwa kipimo. Kipimo kimoja kinachopendwa sana na mafundi wa Uingereza na Marekani ni cha 1 kwa 48, yaani kila inchi moja ya mfano ni futi 4 za merikebu yenyewe. Mathalan, merikebu ya vita ya Waingereza iitwayo Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765 na kumchukua Nelson katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, ina urefu wa futi 186 kwenye sitaha yake ya mizinga. Kwa kipimo hicho, sitaha ya mfano itakuwa inchi 46 na nusu. Kwa hiyo kosa la robo inchi juu ya meza ni kosa la futi nzima baharini. Ndiyo maana fundi wa kazi hii hutumia saa nyingi zaidi kupima kuliko kukata.

KAZI YENYEWE

Kazi huanza kwa mkuku, ambao ni uti wa mgongo wa chombo. Juu ya mkuku husimamishwa viunzi, mfano wa mbavu za ng'ombe, kila kimoja kwa umbo lake: vya katikati ni vipana, na vya omo na tezi ni vyembamba. Viunzi vikikaa upande, merikebu yote itakaa upande, wala hapana rangi wala msasa wa kuliponya kosa hilo.

Halafu huja kazi ya kupiga mbao za ubavuni, na hapa ndipo wanafunzi wengi hushindwa. Mgeni wa kazi hudhani kwamba ataweza kupanga mbao zenye upana mmoja toka omo mpaka tezi, kama mtu apangavyo mbao za sakafu. Lakini ubavu wa merikebu si sakafu. Mzunguko wake ni mkubwa katikati na mdogo kwenye omo. Basi mbao zile zile zinazoenea vizuri katikati hazina nafasi huko mbele. Zikilazimishwa, hupandana kama magamba ya samaki. Dawa yake ni hesabu. Fundi hupima mzunguko wa kila kiunzi kwa ukanda wa karatasi, akaugawanya kwa idadi ya mbao, kisha akaupunguza kila ubao kwa kadiri ya hesabu hiyo.

Kadhalika ubao mkavu haupindiki, bali huvunjika. Sharti ulowekwe katika maji ya moto, upindwe taratibu, kisha ushikwe kwa vibanio mpaka ukauke. Na wengi hutumia vibanio vile vile vya kuanikia nguo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi, na ubao nao ni vivyo hivyo. Tena, ubao mmoja ukitiwa upande wa kushoto, unaofuata hutiwa upande wa kulia. Kwani fundi akimaliza upande mmoja kwanza, mbao zitauvuta mkuku mpaka upinde.

Baada ya mbao huja sitaha, milingoti na kamba. Kamba ni za namna mbili: zile za kuishikilia milingoti isianguke, ambazo hazisogei, na zile za kupandisha na kugeuza matanga. Za kwanza ndizo zinazotangulia kufungwa. Uzi hupitishwa katika nta ya nyuki ili nyuzinyuzi zake zilale, nao uonekane kama kamba halisi.

FAIDA YA WENZI

Mambo hayo yakisomwa hapa huonekana mepesi. Lakini aliye peke yake huyajua mengi baada ya kuharibu, na mbao ni ghali. Kwa sababu hiyo watu wanaoipenda kazi hii wamezoea kukutana. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani viko vyama vya makarani, walimu, waganga na mabaharia wastaafu, ambao hukutana kwa siku maalum, wengi wao mara moja kwa mwezi. Kila mtu huja na merikebu yake jinsi ilivyo, haidhuru ikiwa haijakamilika. Huiweka mezani, na wenzake huitazama toka mbele, toka nyuma, na toka chini. Macho mapya huona upesi lililojificha kwa mwenye mali, ambaye amelitazama jambo lile lile kwa majuma mengi mpaka amelizoea.

Jambo kubwa hapa ni wakati. Kiunzi kilichokaa upande hunyoshwa kwa dakika chache ikiwa gundi haijakauka. Lakini kosa hilo likionekana baada ya mbao kumi kupigwa juu yake, sharti kazi yote ibomolewe. Neno moja la mwenzi, likisemwa mapema, huokoa kazi ya mwezi mzima.

Faida nyingine ni ya vyombo na vitabu. Si kila mtu aliye na mashine ya kukereza. Mwenye nayo huwakerezea wenziwe milingoti na mizinga, naye husaidiwa kufunga kamba na yule mwenye vidole vyepesi. Mabaki ya mbao ya mmoja huwa mali ya mwingine. Na walio mbali husaidiwa kwa maandishi. Marekani kiko chama kiitwacho Nautical Research Guild, kilichoanzishwa mwaka 1948, nacho hutoa jarida la mambo haya. Naye Harold Underhill alianza mwaka 1958 kutoa kitabu chake kinachoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kujenga mfano wa merikebu iitwayo Leon, toka ubao wa kwanza. Hivyo mtu aliyekaa mashambani, asiyepata kukiona chama chochote, aliweza kuwa na mwalimu mezani pake.

Lakini iliyo kubwa kupita zote ni faida ya moyo. Mfano mkubwa huweza kuchukua miaka. Hufika siku ambapo fundi ameupinda ubao mara tatu, nao umevunjika mara tatu, akatamani kuitupa kazi yote motoni. Siku hiyo mwenzi aliyepata kuvunja mbao kama hizo, na ambaye merikebu yake imekamilika, ni msaada kuliko kitabu.

Hata hivyo msaada una adabu zake. Mwenzi mwema hamnyang'anyi mwenziwe patasi ili amfanyie kazi. Husifu kwanza lililo jema, kisha huonyesha kosa, kisha hueleza njia. Halafu humwachia mwenye merikebu achague. Naye anayesaidiwa hapaswi kukasirika, kwani kuuliza si ujinga, na kukosolewa si kutukanwa.

WAFUNGWA WA NORMAN CROSS

Ushirikiano wa namna hii ulipata kuonekana mahali ambapo mtu hakuutazamia. Wakati wa vita baina ya Uingereza na Ufaransa, gereza la wafungwa wa vita lilifunguliwa mwaka 1797 huko Norman Cross, karibu na mji wa Peterborough nchini Uingereza. Humo walifungwa maelfu ya watu, wengi wao wakiwa mabaharia, pamoja na askari waliokuwa na kazi nyingine kabla ya vita. Hawakuwa na mbao nzuri. Basi walikusanya mifupa ya nyama waliyopewa kula, wakaisafisha, wakaikata vipande vyembamba, nao wakavitumia badala ya mbao kujenga mifano ya merikebu.

Baharia alijua kila kamba hupita wapi, lakini si kila baharia alijua kuchonga. Mchongaji aliweza kuchonga sura ya simba kwenye omo, lakini hakujua kamba ya tanga na ya mlingoti. Waligawana kazi, kila mtu kwa ujuzi wake, na vitu walivyovitengeneza vikauzwa sokoni penye lango la gereza. Kwa kuwa walifanya kazi kwa kukumbuka tu, bila ramani, vipimo vya mifano mingi si sahihi. Gereza hilo lilifungwa mwaka 1814, lakini kazi za mikono ya wafungwa wale zimehifadhiwa katika makumbusho ya Peterborough mpaka leo.

CHOMBO KILICHOTOWEKA

Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo ina sababu yake ya kuijali kazi hii, na sababu hiyo ni mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha Waswahili wa visiwa vya Lamu na Pate, hasa Wabajuni. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake halikuwa la kitambaa. Lilikuwa mkeka wa pembe nne. Omo yake ndefu iliinuka kama shingo ya ngamia. Vyombo vya kushonwa ni vya kale sana katika pwani hii, kwani kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa yapata miaka 1,900 iliyopita, kinavitaja katika habari za bandari ya Rhapta.

Mitepe ilichukua boriti na mizigo mingine kwa muda mrefu, lakini katika karne ya 20 ilitoweka baharini. James Hornell aliandika habari zake mwaka 1941, wakati ambapo zama zake zilikuwa zimekwisha kupita. Leo anayetaka kuujua mtepe hutegemea picha za zamani, maandishi, na mifano iliyohifadhiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe mmoja wa ukubwa kamili ulijengwa Unguja, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka, na watu wawili wakafa. Msiba huo wafundisha kwamba ujuzi wa taifa haufai kuwekwa katika nyumba moja tu. Mifano mingi, mikononi mwa watu wengi, ni akiba iliyo salama zaidi.

Basi atakayetaka kujenga mfano wa mtepe hataweza kuwa peke yake. Atahitaji mtu wa kutoboa mashimo madogo kando ya mbao bila kuzipasua; mtu wa kusokota kamba nyembamba za makumbi; mama ajuaye kusuka mkeka mdogo wenye mistari sawa; na mzee akumbukaye majina ya kila sehemu ya chombo. Kila mmoja wao ana kipande cha elimu, wala hapana mwenye elimu yote.

Na wasomaji walio bara wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu. Aliyepata kutengeneza mpini wa jembe au kiti cha miguu mitatu amekwisha kushika vyombo vinavyohitajika: kisu kikali, msumeno mdogo, tupa, msasa na gundi. Anayeanza asianze na Victory na mizinga yake. Aanze na dau au mashua, yenye mlingoti mmoja na tanga moja. Atafute wenziwe wawili au watatu, wajenge chombo cha namna moja kwa ramani moja, wakutane kila Jumamosi kulinganisha kazi zao. Tena waandike katika daftari kila kipimo na kila kosa, ili atakayewafuata asirudie.

Kwa walio pwani liko neno la kuongeza. Huko Matondoni katika kisiwa cha Lamu wako mafundi wanaojenga majahazi bila ramani ya karatasi, kwa kupima kwa jicho tu. Kijana anayejenga mfano na aende akaketi karibu nao, aulize, apime, aandike. Mtepe ulitoweka kabla ya watu wa kutosha kufanya hivyo. Jahazi lingalipo, na mafundi wake wangali hai, nao huweza kuulizwa leo.