Kunasa Mwendo kwa Penseli: Mifano ya Kitale na Bungoma

Mchoro wa haraka hukamilika kwa muda wa nusu dakika hadi dakika mbili, na shabaha yake si sura ya mtu bali ni tendo lake. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili jambo hili si geni: mchoraji hutafuta kitenzi kabla ya nomino.

Mjini Kitale, msimu wa mavuno ya mahindi, mchukuzi hupanda ubao wa lori akiwa na gunia la kilo 90 mgongoni. Mchoraji mchanga huanza na kichwa, na kabla hajafika kiunoni mtu amekwisha kutoweka. Aliyezoea huvuta mstari mmoja mrefu kutoka shingoni, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye mguu unaohimili uzito. Macho, pua na vidole vitasubiri. Gunia humlazimisha mchukuzi kuinama mbele, la sivyo litamwangusha kichalichali. Basi mgongo ukichorwa wima, gunia huonekana limejaa pamba. Leonardo da Vinci aliandika kuhusu mizani hii ya mwili zaidi ya miaka 500 iliyopita, akawashauri wachoraji watembee na kijitabu kidogo.

Mtihani mgumu zaidi uko Bungoma, mwezi wa Agosti wa miaka ya shufwa, kama vile 2022 na 2024, Wabukusu wanapowatahiri vijana wao. Omusinde, yaani kijana anayesubiri tohara, huwazungukia jamaa zake kuwaalika, akicheza na kugonganisha chinyimba na vikuku vya chuma mikononi. Mikono hupanda na kushuka kwa kasi isiyofuatika. Hata hivyo, mwendo huo una takriri: kilichoponyoka katika pigo la kwanza hurejea katika la pili. Mchoraji huteua hali mbili tu, mikono ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa, kwani hapo ndipo husita kabla ya kugeuka. Hali hizo zikiwekwa juu ya kiwiliwili kimoja, jicho la mtazamaji hujaza yaliyo katikati.

Asubuhi ya tohara mambo hugeuka. Kijana hurudi kutoka mtoni akiwa amepakwa tope, husimama mbele ya ngariba, wala hatakiwi kupepesa hata ukope. Wenye mwendo sasa ni walio kando: shingo zilizonyooshwa, kiganja mdomoni, mjomba anayesogea hatua moja na kurudi. Mchoraji mwenye adabu huwageukia hao, na mahali pa kijana hupaacha peupe katikati ya ukurasa.