Waini Nyekundu na Hesabu ya Damu

Ijumaa jioni, barabara ya Shekilango, viti vya plastiki vimeshatolewa nje. Meza nyingi zina bia, lakini ile ya kina mama haikosi chupa ya dompo, waini tamu ya Dodoma. Akifika pale aliyetoka kujifungua, atamiminiwa kabla hajaketi. "Kunywa kidogo mwanangu, damu irudi."

Maneno haya nimeyasikia hapa Sinza tangu sijaota ndevu, na hata leo kuna wajawazito wanaoyafuata. Ushahidi wake ni rangi. Choya nyekundu, bitiruti nyekundu, waini nyekundu, damu nyekundu: basi ni ndugu. Kwa hesabu hiyo hata soda nyekundu ingeuzwa duka la dawa.

Mwili hautengenezi damu kwa rangi. Unataka madini ya chuma, protini, vitamini B12 na foliki asidi. Chuma kilichomo kwenye glasi ya waini ni kidogo, na tanini, ule ukakasi unaoshika ulimi kama chai ya rangi iliyokolea, hukinasa chuma cha mchicha na maharage kabla utumbo haujakifyonza. Pombe nayo huvuruga matumizi ya foliki asidi, na anayekunywa sana huishia kuwa na chembe nyekundu kubwa kupita kiasi lakini chache. Yaani kinywaji kinachosifiwa kuongeza damu kinaweza kuipunguza. Kwa mjamzito ni zaidi ya hapo: pombe hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambaye ini lake bado halina uwezo wa kuimudu.

Jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na malaria wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana upungufu wa damu. Lishe duni, malaria, minyoo na hedhi nzito vyote vimo kwenye visababishi vyake. Hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa dompo.

Meza ya pili, ya mabwana wenye vitambi na vitambulisho vya ofisi shingoni, haitaji damu. Wao hunywa waini "kwa ajili ya moyo", na wanaamini hilo ni la kisayansi. Lilianzia Ufaransa. Mwaka 1991 mtafiti Serge Renaud alieleza kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani, 60 Minutes, kwamba huenda waini ndiyo inayowakinga Wafaransa walao jibini na mafuta kwa wingi. Mauzo ya waini nyekundu Marekani yakapaa. Baadaye ikasifiwa resveratroli, iliyomo kwenye ganda la zabibu, hasa baada ya panya walionenepeshwa kupewa dozi kubwa mwaka 2006 na kuishi vizuri. Dozi ile ilikuwa miligramu 22 hivi kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 angehitaji zaidi ya miligramu 1,500 kwa siku, na lita ya waini kwa kawaida haifikishi hata 10. Anayetaka kumfuata panya yule atafute pipa. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut kikatangaza kwamba Dipak Das, mmoja wa watafiti waliokuwa wakiisifu resveratroli, alighushi data mara 145.

Tafiti nyingi za mwanzo kuhusu pombe na moyo pia ziliwahesabu walioacha pombe kwa sababu ya maradhi kama watu wasiokunywa. Ukimlinganisha mgonjwa huyo na mtu mzima wa afya anayekunywa glasi moja, glasi itaonekana dawa. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Pombe imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988.

Sina ugomvi na zabibu za Dodoma. Wakulima wa Hombolo na Makutupora huvuna mara mbili kwa mwaka, na anayeipenda waini yao ainywe kama kileo, asiipe cheo cha daktari. Ila wewe uliyepewa kliniki vidonge vya fefo, yaani chuma na foliki asidi, vimeze kwa maji au juisi ya machungwa. Usivimeze kwa chai, na dompo ya shangazi irudishe mezani kwa heshima.