Usitupe Ndevu za Beberu

Ndugu mkulima wa Mpeketoni na Hindi, unapochinja beberu, nyama huila au kuiuza, ngozi huianika, lakini ndevu na mkia huzitupa jaani. Ngoja kwanza. Nywele hizo zaweza kumfaa mvuvi wa Amu, Pate au Kiwayu, na kukufaa wewe pia ukiwa na jamaa mwenye mashua.

Wavuvi hurambaza, yaani huburura mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, wakitafuta nguru, jodari na kolekole. Samaki hao hufukuza visamaki vidogo. Basi chambo cha nywele kikipita majini hutikisika mfano wa kisamaki kinachokimbia, na samaki mkubwa hukirukia.

Ulaya na Marekani watu hutumia nywele za mnyama afananaye na kulungu, ila dume lake huangusha pembe kila mwaka. Nywele za mwilini mwake zina hewa ndani. Ukizikaza kwa uzi hufumuka, na chambo huelea. Za mkiani ni ndefu, hazifumuki sana, nazo hutumiwa sana kwa samaki wa baharini. Nywele ndefu za mbuzi zaweza kushika kazi ya hizo za mkiani.

Lakini angalia sana! Usiende porini kutafuta nywele za kulungu, kuro wala digidigi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwa na sehemu ya mnyama wa porini bila kibali. Usipoteze shamba kwa ajili ya ndoana moja. Mbuzi wako atosha.

Fanya hivi:

1. Osha nywele kwa sabuni, uzianike kivulini.

2. Shika fungu dogo, unene wa njiti ya kiberiti. Lichane utoe manyoya mafupi ya chini, kisha panga ncha ziwe sawa.

3. Paka uzi nta ya nyuki usiteleze. Funga fungu karibu na tundu la ndoana, ncha zielekee kwenye mpindo na kuupita kidogo tu. Zikiwa ndefu mno, samaki atang'ata ncha na kuikosa ndoana.

4. Funga fungu la pili upande wa pili. Usizidishe: nywele nyingi hushikamana kama bonge, wala hazichezi majini.

5. Paka vanishi juu ya uzi, uache ukauke kabisa.

Nguru ana meno makali, kwa hiyo mbele ya ndoana tia waya, si mshipi mtupu. Mkirudi pwani, suuzeni chambo kwa maji baridi, kwa maana chumvi huozesha chuma.

Anza kuweka akiba ya nywele sasa. Kaskazi ikivuma na bahari ikitulia, uwe na chambo tayari mkononi.