Samaki wa Babu na Saa ya Daku

Uani kwetu Al Khoudh kuna bwawa dogo, urefu wake hatua nne na upana wake hatua mbili, na ndani yake wanaishi koi saba. Walikuwa kumi na mmoja. Wale wanne niliwaua mimi, Machi 2025, kwa mpira wa maji.

Bwawa alilijenga Babu alipostaafu. Bibi, aliyezaliwa Unguja, mpaka leo analiita birika, na wageni hudhani anataka chai. Kwake yeye birika ni lile la maji ya kutawadhia, na samaki ndani yake si jambo geni. Katika nyumba za kale za Lamu watu walifuga samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa walijengea bakuli la kauri ya Kichina, ili birika likikaushwa kwa kusafishwa samaki wapate pahali pa kungojea. "Hao walikuwa na kazi," Bibi huniambia. "Hawa wenu wanakula tu."

Koi walianza kukuzwa kwa ajili ya rangi zao na wakulima wa Niigata, Japani, katika karne ya 19. Niigata theluji huanguka mpaka ikafunika milango, na vitabu vya koi vimeandikwa kwa ajili ya watu wa baridi kama hiyo: barafu ikiyeyuka, ngoja maji yapite nyuzi 10 ndipo uanze kulisha. Mimi nilivisoma hivyo vitabu kwa bidii. Tatizo ni kwamba maji ya bwawa letu hayashuki huko hata Januari. Hata hayo majira ya kuchipua Bibi hayajui. Yeye ana kaskazi, masika, kipupwe na vuli, na akitazama nje mwezi wa Machi husema tu, "Baridi imekwisha, tujiandae."

Na kweli ni kujiandaa. Mfugaji wa Niigata mwezi Machi anapumua, shida imempita. Sisi shida ndiyo kwanza inakuja, kwa sababu ifikapo Mei joto la Muscat hupita nyuzi 40. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 ni 7 na nusu tu, na wakati huohuo mwili wa samaki unahitaji oksijeni zaidi. Isitoshe, samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inavyogeuka kuwa sumu. Wanaoiondoa ni bakteria waliojishikiza kwenye sponji za chujio. Hao hatuwaoni, kwa hiyo tunawasahau.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia mwanzo wa Machi. Kila baada ya futari watoto wa ami walikuja kuwalisha koi, nami niliwaachia. Koi hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu. Anahitaji kidogo kidogo, na kinachozidi huozea majini. Maji yakawa ya kijani. Mchana mmoja, kwa saumu na uchovu, nikaamua kufanya usafi wa haraka. Nikaosha sponji chini ya mfereji (kwa wenzangu mnaosema bomba: ni hilohilo, msinisahihishe), nikatoa nusu ya maji na kujaza kwa mpira. Maji yetu ya mfereji yana klorini, na kabla ya kutufikia hukaa katika tangi la juu ya paa, juani. Kwa hiyo niliua bakteria, nikaunguza matamvua, nikapandisha joto, yote kabla ya Alasiri.

Usiku wa pili yake, wakati wa daku, nilitoka nikawaona wamepanda juu, midomo wazi. Nikadhani wana njaa. Nikawapa chakula.

Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo. Usiku mimea na miani haitengenezi oksijeni, inaitumia tu, kwa hiyo maji huwa maskini zaidi karibu na alfajiri. Samaki anayehema juu ya maji saa hiyo anatafuta hewa. Ndani ya siku tatu walikufa wanne, pamoja na yule mweupe mwenye doa jekundu kichwani ambaye Babu alikuwa akimwita Maalim. Babu hakunilaumu. Alichukua koleo akawazika chini ya mndimu, nami nikatamani angenigombeza.

Sasa sponji tunazisuuza ndani ya ndoo yenye maji ya bwawa lenyewe. Kwa wiki tunabadilisha sehemu moja ya kumi ya maji tu, na maji mapya hulala kwenye pipa kivulini na kutiwa dawa ya kuondoa klorini. Pampu ya hewa haizimwi usiku. Wavu wa kivuli tunaufunga kabla Machi haijaisha, na watoto wa ami wamepewa kijiko kimoja kidogo, chenye ulinzi mkali wa Bibi. Gharama kubwa ni pampu. Mengine ni subira, ambayo kwangu ilikuwa ghali zaidi.

Lakini kinachosaidia kuliko vyote ni daku, kwa sababu nyumba nzima iko macho saa ileile ambayo bwawa husema ukweli.

Ramadhani hii imeingia Februari. Usiku wa kwanza nilitoka na tochi na kipimajoto, nikamkuta Babu ameshatangulia, amekaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai mkononi. Maji yalikuwa nyuzi 21. Tulihesabu pamoja: saba, wote chini, wametulia. Bibi akatuita kutoka jikoni tumalize kula, adhana imekaribia na birika halitakimbia.