Pumu: Inhela ya Samawati Pekee Haitoshi

Wagonjwa wengi wa pumu hutegemea inhela ya samawati yenye salbutamoli. Dawa hiyo hushika vipokezi vilivyo juu ya seli za misuli ya njia za hewa. Misuli hulegea na mgonjwa hupumua.

Ikitumiwa kupita kiasi, vimeng'enya hubandika fosfeti kwenye vipokezi hivyo. Protini nyingine huvizuia kufanya kazi, na baadhi huvutwa ndani ya seli. Dawa hupungua nguvu, huku uvimbe ukiendelea.

Inhela ya steroidi hutuliza uvimbe huo na kusaidia seli kuunda vipokezi vipya. Ya samawati ibaki ya dharura.

Anayeihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki afike kituo cha afya kilicho karibu.