Je, Wajua? Shule ya Siasa ya Mabinti

Je, wajua kuwa Marekani wapo wasichana wa sekondari wanaotumia sehemu ya likizo yao kuunda serikali? Mpango huo unaitwa Girls State, ulianza 1937 chini ya akina mama wa American Legion Auxiliary. Mabinti hugawana vyama, hujinadi, hupiga kura na kumpata gavana wao, yote hayo katika siku chache. Kisha wawili kutoka kila jimbo hupelekwa Washington kwenye Girls Nation, iliyoanza 1947. Ann Richards, aliyekuja kuwa gavana wa Texas, alipitia huko alipokuwa mwanafunzi.

Dar es Salaam hatuna kambi ya namna hiyo, na likizo ya Juni kwa binti wa Temeke au Kinondoni mara nyingi ni tuisheni na kazi za nyumbani. Lakini uchaguzi anaujua. Anayetaka udada mkuu husimama mstarini mbele ya shule nzima akamwaga sera, kuanzia maji ya chooni hadi uji wa saa nne. Wapo wanaoahidi hata kupunguza viboko, ahadi ambayo mwalimu wa zamu huicheka waziwazi.

Umri ndio wenye mambo. Katiba yetu inataka mpiga kura awe na miaka 18, mgombea ubunge 21, mgombea urais 40. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama ikikubali, hata 14. Yaani binti wa Mbagala angeweza kuitwa mama mwenye nyumba miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kumchagua diwani wake! Mwanasheria Rebeca Gyumi, ambaye vijana wengi walimfahamu kwanza kwenye runinga kupitia vipindi vya Femina, alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu. Akashinda 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vile vile: vifungu vinakiuka Katiba.

Kwa asiyeridhika na siasa za mstarini kuna Mabibo, eneo lililokuwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya. Hapo ndipo yalipo makao ya TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa 1993. Semina zake za Jumatano zimekuwa wazi kwa yeyote, na humo bajeti ya taifa huchambuliwa na mama lishe kama anavyoichambua mhadhiri. Kambi ya wiki moja haikupi hilo.

Safari ya mwanamke kwenye siasa ni ndefu, lakini. Anne Makinda aliingia Bungeni 1975 hata miaka 30 hajafikisha. Kiti cha Spika, ambacho hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia kabla yake, alikipata 2010. Hesabu mwenyewe.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na ngoma. Wanawake wa mjini Dar miaka ya 1950 walikuwa na vikundi vyao vya ngoma, navyo havikuwa vya kucheza tu: vilikuwa na viongozi, michango, nidhamu na mtandao wa kupitisha habari uswahilini nyumba hadi nyumba. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926 na kusoma shule ya msingi tu, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. TANU ilipomtafuta mwanamke wa kuongoza tawi la akina mama mwaka 1955, yeye hakuanza kwa kuhutubia uwanjani. Aliwafuata viongozi wa ngoma, mmoja mmoja. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi.